Saini za Jumatatu

Jumatatu, 3 Februari

Kaka,

U mzima huko ndani ya mlima? Sisi tunapumua, na hiyo ndiyo habari njema pekee niliyonayo, kwa hiyo ifurahie kabla hujasoma zaidi. Ningekupigia simu, lakini tangu mwingie kwenye ujenzi wa hilo bwawa simu yako haishiki hata kwa maombi.

Baba amegoma dawa zake za presha. Sisemi amesahau, nasema amegoma. Anafunga mdomo, ananikazia macho, halafu anasema, "Mpe mwenzako, labda yeye anaumwa." Mwenzangu ni Kimya, yule mhudumu tuliyempa jina hilo kwa sababu huongea kutwa nzima bila kituo. Naye hucheka, ndiyo maana Baba anazidi.

Wewe ni fundi wa lifti, ya wauguzi huyajui, wacha nikueleze sheria zetu. Kidonge kitoke kwenye pakiti yenye jina la mzee. Nikiweke mkononi mwake, nione akimeza, afungue mdomo nitazame juu ya ulimi na chini yake, ndipo nisaini. Tena kwa kuwa huyu ni baba yangu mzazi, sheria hainiamini peke yangu, lazima shahidi naye asaini. Akikataa naandika "amekataa". Akikataa siku tatu mfululizo, ripoti inakwenda kwa watu wa leseni. Nyumba yetu ya wazee ni ya daraja la pili, hatuna ruhusa ya kukaa na mzee asiyekubali tiba. Atapelekwa kwenye kituo kikubwa, safari ya siku nzima kwa basi, wazee wanane chumba kimoja, mlango unafungwa kwa nje. Nimewahi kwenda kule. Sitaki kukusimulia.

Juzi na jana alikataa. Leo nimembembeleza hadi machozi yakanitoka, akameza kimoja, hesabu ikaanza upya. Siwezi kulia kila siku ya tatu, Kaka.

Njia ipo moja. Daktari amekubali kidonge kisagwe kitiwe kwenye uji bila yeye kujua, ila lazima ndugu aliyeandikishwa asaini fomu. Ndugu huyo ni wewe. Baba aliandika jina la mwanawe wa kiume, mimi ninayembadilishia shuka nikaachwa. Sina neno. Nasema tu.

Fomu nimeiambatisha. Saini, rudisha na lori lile lile lililoleta barua hii. Mwezi wa tano chuo cha wauguzi kinanisubiri nikafundishe, na Bi Mkubwa mwenye nyumba ameapa atatafuta muuguzi wa kuchukua nafasi yangu. Bila mrithi siwezi kutoa jina langu kwenye leseni. Imewekwa kwenye fremu pale mapokezi, kila nikipita naona jina langu nyuma ya kioo na roho inanisinyaa.

Mdogo wako,
Sista


Jumamosi, 15 Februari

Mdogo wangu,

Fomu nimeisoma mara mbili, nikaichana mara moja.

Wewe unamjua Baba? Mtu aliyekagua mizani za masoko miaka thelathini, aliyemnyang'anya mjomba wake mwenyewe jiwe la ratili lililotobolewa, leo umtilie vitu kwenye uji kama panya? Akijua je? Atakula tena kwa mkono wa nani? Hapana. Baba hadanganywi mimi nikiwa hai.

Kazi yangu ni kutoa watu waliokwama, na nakwambia, ukimkuta mtu amekwama kwenye lifti humdanganyi. Unaongea naye. Ongea naye. Wewe umesomea.

Na hayo ya jina langu kwenye karatasi usinianze. Sikuomba mimi.

Huku vumbi la saruji limetuingia hadi kwenye meno. Nikipata likizo mwezi wa sita nakuja.

Kaka yako,
Fundi


Jumatatu, 24 Februari

Mwanangu Fundi,

Barua hii imepitia kwa mlinzi wa getini, dada yako haijui, na asiijue.

Amenieleza kwamba ulikataa fomu. Umefanya jambo la kiume, ahsante. Sasa nami nikutue mzigo. Nimeacha kugoma. Kila asubuhi, mchana na jioni napokea kidonge, nashukuru, nakunywa maji, nafungua mdomo. Na kidonge kipo pale pale juu, kati ya meno yangu ya bandia na kaakaa. Sheria yao inasema watazame ulimi. Haikusema wanivue meno. Wakaguzi wote wana upofu wa aina moja, nami nilikuwa mmoja wao.

Usidhani nimechoka kuishi. Nikimeza vile vidonge nalala kutwa, miguu inavimba, na mara ya mwisho nilipomeza sura ya mama yenu ilinipotea kabisa, nikabaki na kitambaa chake tu. Nisipomeza nasoma gazeti mpaka matangazo ya vifo, nawajua wote. Mwanangu, nina chumba chenye kitanda, kiti, dirisha lenye nondo na kengele. Kilichobaki changu humu ni kichwa. Hicho siwapi.

Vidonge naviweka ndani ya kiatu changu cheusi nisichovaa. Sitaki mtu mwingine aokote akadhurika.

Ukimwambia dada yako atalazimika kuandika "amekataa", nami nitapelekwa kule kwenye mlango unaofungwa kwa nje. Kwa hiyo ukisema, umenifunga wewe. Nipe neno lako.

Baba yenu


Jumatatu, 10 Machi

Kaka,

Ulikuwa sahihi, na unajua inavyoniuma kuandika hivyo.

Niliongea naye. Sijui lipi lilimgusa, lakini tangu wiki ya tatu ya Februari anameza bila shari. Anafungua mdomo mwenyewe kabla sijamwambia, tena anasema "ahsante, nesi," kana kwamba tumekutana hospitalini leo. Na akili imemrudi! Anambishia mlinzi habari za siasa hadi mlinzi anakimbilia getini kwake. Nilimwambia daktari, dawa zimeanza kumkubali.

Nimepumua, Kaka. Wazee kumi na wanne, asubuhi peke yake vidonge sitini na kimoja, kila kimoja na saini yake, cha Baba mbili. Nikisaini kimoja kimoja, wa mwisho anameza cha asubuhi saa nane mchana. Sasa kwa wale wasio na matata tumejipangia na Kimya: Jumatatu asubuhi tunakaa na chai, tunasaini wiki nzima, halafu siku zenyewe tunagawa tu. Baba naye yumo kwenye orodha ya wasio na matata, hebu fikiria! Usiende kunishtaki. Dawa zinaliwa, karatasi ni karatasi.

Bi Mkubwa bado hajampata muuguzi. Ananiambia, "Mwanangu, watu wanaogopa kuweka majina yao." Nami nikamuuliza, mimi sikuwa mtu?

Sista


Jumapili, 23 Machi

Baba, shikamoo.

Neno langu ulilipata, sikulivunja. Lakini leo nakuomba unirudishie.

Sista ameniandikia kwa furaha mpaka nikashindwa kula. Anadhani dawa zimekukubali. Baba, presha haina mzaha. Kuna msimamizi wetu hapa alikuwa akitembea na vidonge mfukoni, anasema atameza kesho, tukamteremsha kwa machela. Mficha maradhi kifo humuumbua, wewe ndiye uliyenifundisha hiyo.

Meza hata cha asubuhi tu. Au mwambie daktari akubadilishie kisichokulaza. Mimi nitakuja mwezi wa sita, tukae watatu tuyamalize. Ukifika mwezi wa sita hujameza, nitasema mwenyewe.

Mwanao,
Fundi


Jumatano, 2 Aprili

Fundi,

Marahaba.

Mwezi wa sita ni sawa. Ukija niletee miwani, hii imelegea mkono mmoja.

Dada yako ametingwa, hatazami tena mdomoni. Ananigusa bega na kupita. Ananiamini, na hilo tu ndilo linalonikosesha raha.

Baba yenu


Alhamisi, 17 Aprili

Kaka,

Najua redio ya kambini ilikufikishia, na najua daraja lilikatika, kwa hiyo sikulaumu kwa kutofika. Tulimzika Jumamosi. Watu walikuwa wengi kuliko nilivyotegemea. Wauza nafaka wazee walikuja, wale wale aliokuwa akiwakagua.

Alifariki Alhamisi iliyopita saa tatu asubuhi, akiwa kwenye kiti, gazeti mapajani. Nilikuwa nimempa kidonge saa mbili kwa mkono huu. Alisema ahsante. Mshipa ulipasuka kichwani.

Sasa sikiliza. Mzee akifa ndani ya nyumba yenye leseni, mkaguzi huja kabla saa ishirini na nne hazijapita. Alikuja Ijumaa, mwanamke mpole, hata pole alinipa. Aliomba karatasi ya dawa ya Baba, akaisoma, akaigeuza, akaisoma tena. Kisha akaniuliza, "Huyu marehemu amefariki lini?" Nikasema jana saa tatu. Akanisogezea karatasi. Kaka, tulisaini Jumatatu. Karatasi inasema Baba alimeza kidonge Alhamisi saa sita mchana, akameza jioni, akameza Ijumaa, Jumamosi, hadi Jumapili jioni. Baba yangu yuko mochwari, na saini yangu inasema keshokutwa atakunywa dawa na maji.

Ningekufa kwa aibu pale pale, lakini kuna kubwa zaidi. Walipima damu. Hakuna dawa. Hata chembe. Wanasema mtu huyu hajapewa kidonge kwa wiki nyingi, na waliosaini kwamba amepewa ni mimi na Kimya.

Mimi nilimpa. Kila siku, mara tatu, na Kimya akishika trei. Au sikumpa? Nakaa naikumbuka siku moja moja, Jumanne, Jumatano, naona mkono wangu, naona glasi, halafu sina uhakika kama ni Jumanne ya wiki ile au nyingine. Naanza kuamini kwamba nilimuua baba yangu huku nikimsalimia.

Niambie kitu, Kaka. Chochote.

Sista


Jumatatu, 28 Aprili

Mdogo wangu,

Pole. Pole sana.

Usijitese. Wewe ulimpa, mimi najua ulimpa. Hizo mashine za kupima damu nazo hukosea. Mambo ya Mungu hayana mpimaji. Baba alikuwa mzee, ameishi, amepumzika.

Vitu vyake usivigawe, nitakuja kuviangalia mwenyewe. Hasa viatu.

Fundi


Jumatatu, 12 Mei

Kaka,

Barua yako ilikuwa fupi kama risiti. Sawa.

Chuo kimempa mtu mwingine nafasi yangu. Nilikwenda kumwambia Bi Mkubwa aondoe jina langu kwenye leseni, nimechoka, liwalo na liwe. Akacheka bila furaha. Wakati wa uchunguzi hakuna jina linalotoka wala linaloingia. Nikiacha kazi, leseni inakufa siku hiyo hiyo, na wazee kumi na watatu wanapakiwa kwenye basi kwenda kule kwenye vyumba vya wanane. Bibi wa chumba cha tatu ameshasikia. Anafunga nguo zake kwenye shuka kila asubuhi, nami nazifungua kila mchana.

Sasa nikuambie nilichofanya, na ukinidharau, nidharau.

Bi Mkubwa aliandika maelezo. Yanasema trei ya Baba ilikuwa mikononi mwa Kimya, kwamba mimi niliandaa na yeye ndiye aliyegawa, kwa hiyo kama vidonge vilitupwa, alivitupa yeye. Akaniambia, "Mmoja akianguka nyumba inasimama. Ukianguka wewe, wameanguka wote." Akaniwekea kalamu. Nikawafikiria wale kumi na watatu. Nikasaini.

Kimya amesimamishwa, jalada limefunguliwa, wanaita uzembe uliosababisha kifo. Anaweza kufungwa. Alipoulizwa alisema ukweli mtupu: "Nilisaini kabla, ni kosa langu, lakini Sista alimpa, nilimwona." Yaani ananitetea mimi, Kaka! Juzi alikuja kuchukua viatu vyake vya kazini. Hakusema neno lolote. Kimya, hakusema neno.

Umesema unajua nilimpa. Unajuaje? Na viatu vya Baba vina nini?

Sista


Jumanne, 20 Mei

Mdogo wangu,

Nimeandika barua hii mara nne. Tatu zilikuwa za uongo.

Ndani utakuta barua mbili za Baba, moja ya Februari na moja ya Aprili. Zisome kwanza, kisha rudi hapa.

Umezisoma? Basi unajua. Ulimpa. Ulimpa kila siku, naye alikuwa akikificha juu kwenye meno. Tazama ndani ya kiatu cheusi.

Mimi nilijua tangu Februari. Nilijua uliponiandikia kwa furaha. Nilijua redio iliponiita, na jambo la kwanza lililoniingia kichwani, Mungu anisamehe, halikuwa Baba, lilikuwa kwamba sasa hakuna atakayejua. Fomu niliichana mimi. Siri nilishika mimi. Nikajiita mwanaume wa neno langu. Nilikuwa mwoga, Sista, hakuna jina lingine. Nilikuacha ujione muuaji wiki tano kwa sababu sikutaka kujiona mimi.

Wapelekee barua hizi au zichome, uamuzi ni wako. Ukizichoma sitasema. Hapana, nimekosea tena, tazama nilivyozoea. Ukizichoma nitasema.

Fundi


Jumatatu, 16 Juni

Kaka,

Nilikivuta kiatu kutoka kwenye sanduku nikakigeuza juu ya kitanda. Vidonge mia moja thelathini na vinane, vingine bado vina alama ya meno. Nilicheka kwanza. Halafu nikalia hadi Bi Mkubwa akaja kugonga. Sikuwa nimemuua. Nilitaka kumwambia mtu, na mtu pekee wa kumwambia ulikuwa wewe, na wewe ulikuwa unajua.

Nikaenda kwa mkaguzi na kiatu kwenye mfuko. Niliweka mezani barua, vidonge, na maneno yangu: kwamba nilisaini kabla ya kutoa, kwamba niliacha kutazama mdomoni, kwamba maelezo kuhusu Kimya ni uongo na niliyasaini kwa akili timamu. Nilitegemea pingu. Nikuambie ukweli, nilizitamani. Nilifikiri, angalau nitatoka ile nyumba.

Jalada la Kimya limefungwa. Cheti chake amerudishiwa. Nilikwenda kwake kuomba radhi, akafungua mlango nusu, akasema, "Nimekusikia, Sista," akafunga. Nguo zake za kazi amezirudisha zimefuliwa na kupigwa pasi.

Mimi hawakunifunga. Kikao kilikaa siku mbili. Walitafuta pa kuwapeleka wazee kumi na watatu, hapakupatikana, kule kwenye kituo kikubwa wameshafika kumi kwenye chumba. Walitafuta muuguzi wa kuchukua jina langu, hakuna aliyekubali. Basi wameamua hivi: leseni inaendelea kwa masharti. Jina langu libaki miaka miwili. Nilale humu humu. Kila kidonge nikitoe mimi, kila mdomo niukague mimi, meno ya bandia yatolewe yawekwe kwenye bakuli, na afisa wao atakuja bila taarifa. Nikijiondoa kabla ya miaka miwili, sitauguza tena popote. Mwenyekiti aliniambia nishukuru. Nilishukuru. Nilitoka nje nikakaa kwenye ngazi nikashindwa kuinuka, kwa sababu nilikuwa sina pa kwenda isipokuwa kurudi.

Wamenipa chumba. Nilidhani ni stoo. Kumbe ni cha pembeni ya kile cha Baba, kina dirisha la nondo na kengele ukutani. Kengele ya kwangu inalia wazee wakibonyeza zao.

Umeandika kwamba unakuja mwisho wa mwezi. Njoo. Sitakufukuza, huna ndugu mwingine na mimi sina. Lakini usije na maneno ya wakubwa, kwamba tumsamehe marehemu na tusameheane. Baba nimemsamehe, alikuwa amefungiwa, na aliyefungiwa hutafuta upenyo popote. Wewe ulikuwa nje. Neno moja, Kaka, hata ungeniandikia pembeni ya bahasha, "tazama meno." Ningeandika "amekataa", angepelekwa kule, angenichukia, na huenda leo ningepanda basi kwenda kumwona akinichukia. Ningependa sana safari hiyo.

Chumba chake kimepata mtu, fundi cherehani mstaafu, mzee mnyamavu mwenye mikono misafi. Leo ilikuwa siku yake ya kwanza. Nilimpa kidonge, akameza, akanishukuru. Nikamwambia, "Toa meno, Mzee, ufungue mdomo." Akaniangalia, akasema, "Mwanangu, mimi si mwizi." Nikamwambia najua. Akayatoa, akafungua huku amefumba macho kwa aibu, na mimi nikainama na tochi, nikatazama juu ya ulimi, nikatazama chini yake, nikatazama kaakaa lote. Hapakuwa na kitu.

Nikatazama tena.

Sista